Moshi wa Sigara Si Shauri la Mtu Mmoja



Naomba nafasi katika gazeti letu nilijibu swali nililoulizwa mbele ya shule nzima muhula uliopita, nami nikashindwa kulijibu. Wengi wenu mtakumbuka mdahalo ule wa Ijumaa jioni. Hoja ilikuwa, "Kuvuta sigara ni shauri la mtu mwenyewe," nami nilikuwa upande wa kupinga. Nilikuwa nimejitayarisha vizuri, na karatasi yangu ilijaa maneno ya madaktari. Lakini nilipofika katikati, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne alisimama, akaomba ruhusa kwa Mwenyekiti, akaniuliza, "Ndugu msemaji, hilo godoro unalolalia bwenini lilinunuliwa kwa fedha gani?" Ukumbi mzima ukacheka, maana wote wanajua kwamba baba yangu ni mkulima wa tumbaku. Nikasimama kama nguzo. Kisha nikaketi, na hoja ikapita kwa kura nyingi.

Mdahalo umekwisha, wala sitaki kuurudia kwa ajili ya kushinda. Naandika kwa sababu waliocheka walikwenda kulala wakiamini kwamba hoja ile ni ya kweli. Nami nafahamu nyumba moja ambayo mtoto mdogo aliumia kwa sababu hoja hiyo hiyo iliaminiwa. Nyumba hiyo ni yetu.

Kwanza nakiri. Serikali iliondoa ada kwa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 2016, lakini godoro, sare, madaftari na nauli ya basi hununuliwa na mzazi. Vyote hivyo kwangu vimetoka katika jani la tumbaku. Kwetu ni Urambo, katika Mkoa wa Tabora. Waingereza walikuja huko baada ya vita kuu ya pili na mpango wao mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Mpango ule ukashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 tumbaku ikashika mahali pake. Tangu hapo watu wetu wameilima. Najua kumwagilia vitalu, najua kutunga majani kwenye vijiti, na nimekesha na baba yangu kwenye bani nikichochea moto ili majani yakauke sawasawa. Basi ninaposema habari za tumbaku sisemi kama mtu aliyeisoma vitabuni tu.

Na mtu aliyeilima hana haja ya kuambiwa kwamba jani lile lina nguvu. Asubuhi yenye umande, au baada ya mvua, mchumaji huloa nguo na mikono. Ile nikotini iliyomo katika jani huyeyuka katika maji hayo na kupenya ngozi. Jioni mtu hushikwa na kizunguzungu, kichwa humwuma, hutapika, wala hawezi kula. Nimemwona baba yangu katika hali hiyo, naye hakuwa amevuta hata sigara moja, kwa kuwa yeye si mvutaji. Madaktari wanaujua ugonjwa huo vizuri. Ni sumu ya tumbaku mbichi. Ikiwa jani bichi humwangusha mtu mzima kwa kumgusa ngozi, je, likichomwa na moshi wake ukaingizwa kifuani, litamfaa nini?

Na tumtazame mvutaji mwenyewe. Zamani watu wengi waliiona sigara kuwa starehe isiyo na madhara makubwa. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza habari za wagonjwa waliochunguzwa katika hospitali. Katika wanaume 649 wenye saratani ya mapafu, wasiovuta walikuwa 2 tu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha kwa sababu ya yale aliyoyaona. Mwaka 1951 wakaanza kuwafuata madaktari wa nchi yao, wanaume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta, mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya miaka 50 ilipotolewa mwaka 2004, ilionekana kwamba waliovuta bila kuacha walikufa, kwa wastani, miaka kama 10 mapema kuliko wenzao wasiovuta. Wala saratani ya mapafu haiko peke yake. Sigara huleta saratani ya kinywa na ya koo, huziba mishipa ya moyo, huleta kiharusi, na humzidishia mtu hatari ya kupata kifua kikuu na ya kufa nacho. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Hapo ndipo wenzangu wa upande wa pili walipopata nguvu. Walisema, "Vema, akifa amekufa yeye, mwili ni wake na fedha ni zake." Kama moshi ungekaa ndani ya kifua cha aliyeununua, hoja yao ingekuwa na uzito. Lakini moshi haukai. Tazama sigara inayowaka katika vidole vya mtu. Yeye huvuta mara moja, kisha hupumzika akizungumza, na muda wote huo ncha inaendelea kuungua na kutoa moshi. Moshi ule haukupita katika kichujio wala katika mapafu ya mtu. Unakwenda moja kwa moja katika hewa ya chumba. Sehemu kubwa ya moshi tunaovuta sisi tulio karibu ni huo. Ndani ya moshi wa tumbaku mna kemikali zaidi ya 7,000, na yapata 70 kati ya hizo zinajulikana kuwa huleta saratani. Mna pia kaboni monoksaidi, hewa ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa hiyo hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi ili mwili upate haki yake.

Labda msomaji atasema hayo ni mawazo tu. Basi na asikie habari ya Japani. Daktari mmoja, Takeshi Hirayama, aliwafuata kwa miaka 14 wanawake 91,540 walioolewa, ambao wao wenyewe hawakuvuta. Mwaka 1981 akatangaza alichokiona: wake za wanaume waliovuta sigara nyingi walikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara 2 ya wake za wanaume wasiovuta. Wanawake wale hawakununua sigara, wala hawakuishika mdomoni. Walipika, wakalea, wakalala katika nyumba moja na waume zao. Watu wengi walimbishia, hasa wale waliokuwa na mali ya kulinda katika biashara ya sigara. Lakini uchunguzi mwingine ukafuata katika nchi nyingi, na mwaka 2006 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani akatangaza kwamba hakuna kiasi cha moshi wa sigara wa mtu mwingine ambacho ni salama. Katika vifo vile milioni 7 na zaidi nilivyovitaja, zaidi ya milioni 1 ni vya watu ambao hawakuvuta. Je, hao nao lilikuwa shauri lao wenyewe?

Sasa nitasema jambo ambalo siku ya mdahalo sikulisema, kwa kuwa niliona haya. Babu yangu huvuta sigara. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na yeye hulala chumba cha mbele pamoja na watoto. Usiku madirisha hufungwa kwa sababu ya mbu, naye alikuwa na desturi ya kuvuta sigara tatu au nne kabla ya kulala, akitusimulia hadithi. Sisi tulizipenda hadithi, na harufu ya moshi tuliizoea. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Msimu mmoja wa mvua alishikwa na kifua mara tatu. Alikuwa akipumua, kifua kinalia kama filimbi. Mara ya tatu nilifuatana na mama kwenda zahanati. Tabibu alimsikiliza mtoto kifuani, akamwuliza mama, "Nyumbani kwenu nani anavuta?" Mama akatazama chini, maana mkwe hamtaji baba mkwe wake kwa jambo la aibu. Mimi nikajibu. Tabibu akasema, "Mama, dawa nitakupa. Lakini nikimpa mtoto dawa mchana, na usiku akarudi katika moshi, kazi yangu ni kujaza maji kapuni."

Akatueleza kwamba mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanakua. Kwa hiyo moshi ambao mkubwa hauhisi, kwa mtoto ni mzigo. Akasema kwamba watoto wanaolelewa katika moshi hupata nimonia, pumu na maumivu ya masikio zaidi kuliko wengine; kwamba mjamzito anayekaa katika moshi yumo hatarini kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo; na kwamba kichanga aweza hata kufa ghafula usingizini.

Ni nani basi atakayemwambia babu? Mama hawezi. Baba aliona vigumu. Lakini kwetu mjukuu na babu hutaniana, na neno ambalo mtoto hawezi kumwambia baba yake, mjukuu huweza kumwambia babu. Jioni ile nikamwambia, "Babu, yule mke wako mdogo anakohoa kwa ajili ya sigara zako." Akacheka. Kisha akasema, "Mimi nimevuta tangu baba yako hajazaliwa. Je, nimekufa?" Nikasema, "Hujafa, babu. Lakini wewe ulianza ukiwa mtu mzima, naye ana miaka miwili." Hakunijibu. Usiku ule alivuta kama kawaida. Usiku wa pili mtoto alikohoa sana, nasi sote tukaamka. Babu akachukua kigoda chake, akatoka nje, akaketi chini ya mwembe. Tangu hapo huvuta nje. Mvua ikinyesha huenda kukaa kwenye kibanda cha bani. Sisi tukitaka hadithi twangoja amalize. Sisemi kwamba mtoto alipata nafuu kwa sababu hiyo peke yake, maana alipewa dawa na anaendelea kukua. Lakini msimu wa mvua uliofuata alipelekwa zahanati mara moja tu.

Naijua kesi ya wale watakaonipinga. Wengine watasema kuna wazee waliovuta wakafika miaka 90. Ni kweli, wapo, na babu yangu Mungu ampe umri huo. Wapo pia watu waliovuka mto wenye mamba wakafika ng'ambo, lakini hatuwafundishi watoto kuogelea huko. Wale waliokufa na miaka 50 hawaji barazani kutusimulia. Wengine watasema, "Fungua dirisha, moshi utatoka." Dirisha hupunguza harufu, lakini halimalizi sumu. Wengine watasema moshi wa kuni nao unadhuru, na kina mama wanaupata kila siku. Hilo pia ni kweli, na yafaa tujenge majiko bora. Lakini moto wa kuni unatupikia ugali, na sigara haitupikii kitu. Kwa nini tumwongezee mama mzigo wa pili kwa kuwa tayari anao wa kwanza?

Na sasa nalijibu swali la godoro. Ndiyo, ndugu yangu, limenunuliwa kwa fedha ya tumbaku, nami namshukuru baba yangu kwa kila tone la jasho lake. Kumheshimu baba si kusema kwamba alichokilima ni chema kifuani mwa mtoto. Baba alilima kilichokuwa na soko, kwa kuwa hakuonyeshwa soko lingine lenye uhakika. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, wazitaka nchi ziwalinde watu na moshi. Lakini pia wazitaka ziwasaidie wakulima kupata kazi nyingine ya kuwapatia riziki. Ahadi hizo mbili zimo katika mkataba mmoja, wala mimi sioni sababu ya kuchagua moja na kuiacha nyingine. Baba ameanza kutundika mizinga ya nyuki na kulima alizeti kidogo. Fedha yake haijatosha, na tumbaku bado anayo shambani. Siku itakapotosha, hapana mtu atakayefurahi kuliko mimi, maana nitapumzika kukesha kwenye bani. Lakini hata kabla ya siku hiyo, moshi waweza kutolewa nje ya nyumba leo hii, na mkulima hatapoteza hata kilo moja kwa kitendo hicho.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwetu wanafunzi. Tusijidanganye kwamba sigara ya kuficha nyuma ya bweni ni ushujaa. Nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde chache tu, na humfunga mtu kabla hajajua kwamba amefungwa. Shisha, inayosifiwa mjini kwa harufu ya matunda, nayo ni tumbaku. Na zile sigara za umeme, aghalabu zina nikotini ile ile. Aliyekwisha kuanza na asikate tamaa. Saa 12 tu baada ya kuacha, ile kaboni monoksaidi hupungua katika damu ikawa ya kawaida. Baada ya mwaka 1 hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara hupungua kwa nusu. Katika wale madaktari wa Uingereza, walioacha wakiwa na umri wa miaka 30 walikaribia kuishi sawa na wasiovuta. Na sisi tuna miaka 16 na 17.

La pili ni kwa wazazi. Msiwatume watoto sigara. Mimi nilikuwa na miaka minane nilipokuwa nikiambiwa, "Nenda kibandani kalete sigara moja, uiwashe jikoni." Ili sigara iwake kwenye kaa la moto na isizimike njiani, mtoto hana budi kuivuta mara mbili tatu. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoionja tumbaku, kwa utii wala si kwa utundu. Sheria ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia sigara mtu asiyetimiza miaka 18. Lakini mwenye kibanda atafanyaje, naye ametumiwa mtoto na jirani yake? Na anayevuta, tunamwomba atoke nje, mbali na mlango na dirisha, kama babu yangu alivyotoka. Hatumfukuzi, na hadithi zake twazitaka bado.

La tatu ni kwa walimu wetu, nami naomba radhi mapema. Mwanafunzi akikutwa na sigara hapa shuleni huadhibiwa, na ni haki. Lakini siku ya wazazi, wageni huvuta chini ya mti ulio karibu na bwalo tunapokula, wala hakuna anayewaambia neno. Mara nyingine moshi hutoka hata katika veranda ambapo sisi wanafunzi twasimama tukingoja kusahihishiwa madaftari. Naomba uwekwe ubao mmoja langoni, wenye maneno machache: ndani ya uzio wa shule hii hakuna kuvuta, kwa mdogo wala mkubwa. Ubao huo hautakuwa na gharama kubwa. Mbao zimo katika karakana yetu, nami najitolea kuupaka rangi.

Kama Mwenyekiti wa mdahalo atakubali, naomba hoja ile irudishwe muhula huu. Sitaleta karatasi ndefu. Nitamwomba kila atakayeunga mkono aeleze kwanza, mtoto wa miaka miwili alishauriwa lini.